Mikono ya Mwalimu Ikae Mgongoni

Ahsante mwenyekiti, ahsanteni walimu wenzangu. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitaendelea kulisema: roboti ikiingia darasa la awali, mikono ya mwalimu ikae mgongoni. Mtoto akikosea, mwacheni akosee mpaka mwisho.

Chukueni Bee-Bot, maana ndiyo wengi mmewahi kuiona. Kiroboti cha umbo la nyuki, kinatambaa sakafuni, mgongoni kina vitufe: mbele, nyuma, kulia, kushoto, kutulia kidogo, kufuta, na kile cha katikati cha kuanzisha safari. Ukibonyeza mbele anakwenda sentimita 15. Ukibonyeza kulia anageuka nyuzi 90 palepale alipo, hasogei hata kidogo. Hapo ndipo penye somo.

Mtoto wa miaka mitano anataka nyuki afike kwenye picha ya embe iliyo upande wa kulia. Anabonyeza kulia, anabonyeza cha katikati, anasubiri. Nyuki anageuka, anasimama. Mtoto anamtazama mwalimu. Na mwalimu, kwa nia njema kabisa, anainama: "Bado mbele, mwanangu, bonyeza mbele." Basi, somo limeisha! Mtoto kaamriwa, nyuki kaamriwa, aliyefikiri ni mwalimu peke yake.

Mimi nasema mwinue mtoto. "Simama alipo nyuki. Geuka kulia. Umefika kwenye embe?" "Sijafika." "Sasa?" Atapiga hatua mwenyewe, na miguu yake itakuwa imemfundisha kwamba kugeuka na kwenda ni mambo mawili.

Atarudi kwa furaha. Atamweka nyuki mwanzo, atabonyeza kulia, kisha mbele. Na nyuki atageuka kulia mara mbili, ataiacha embe ubavuni na kumjia mtoto magotini! Darasa zima litacheka, na mtoto atasema kimeharibika. Hakijaharibika. Ile amri ya kwanza bado imo, kwa sababu hakubonyeza cha kufuta. Nawasihi, hapo msiseme "umesahau kufuta." Ulizeni: "Nyuki amegeuka mara ngapi? Wewe uliagiza mara ngapi? Na hiyo nyingine ameitoa wapi?" Mtoto atakayelijibu hilo mwenyewe, hata kama litachukua asubuhi nzima, amejua kwamba agizo la zamani linaendelea kufanya kazi mpaka aliyelitoa alifute. Kuna watu wazima wanaolipwa mishahara kwa kutafuta kosa la namna hiyo hiyo ndani ya programu za kompyuta.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya jana yaliyoletwa na simu. Si kweli. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtaalamu wa makuzi ya fikra za watoto, kabla ya kwenda chuo cha MIT kule Marekani. Mwaka 1967 yeye, Cynthia Solomon na Wallace Feurzeig wakaunda Logo, lugha ya kompyuta ya watoto, na baadaye ikapata kobe, yaani roboti ya kutambaa sakafuni. Papert alitaka mtoto ajiweke mahali pa kobe, afikiri kwa mwili wake. Katikati ya miaka ya 1970 Radia Perlman, pale pale MIT, akatengeneza kisanduku cha vitufe ili hata asiyejua kusoma aweze kumwamuru kobe.

Namwona mwalimu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua: "Nina watoto themanini, chumba kimoja, na hata chaki naitafuta." Vizuri. Basi mtoto awe roboti. Chora miraba uwanjani kwa kijiti, kila mraba upana wa hatua moja ya mtoto. Mmoja anapanga kadi za mishale, mmoja anazisoma kwa sauti, mmoja anatembea. Sharti ni moja: roboti haruhusiwi kusaidia. Ameambiwa mbele tatu, aende tatu, hata kama embe aliipita kwenye ya pili.

"Sasa kama mtoto anatosha, mashine ya nini?" Swali zuri, na nimeulizwa mara nyingi. Ni kwa sababu mtoto ana huruma. Anaiona embe, anamwona rafiki yake aliyepanga kadi, miguu inampeleka kwenye embe bila kuagizwa. Mashine haimwonei mtu huruma. Inamrudishia mtoto fikra zake kama alivyozipanga, haikaripii, na haichoki kurudia. Kwa hiyo anzeni na mwili, zifuate kadi, ndipo mashine, hata kama ni moja kwa shule nzima.

Kwa mzazi anayeogopa kioo cha simu na televisheni: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, nami naunga mkono. Bee-Bot haina kioo. KIBO, roboti nyingine ya watoto iliyotokana na utafiti wa Marina Bers, haina pia. Mtoto anapanga vipande vya mbao na roboti inavisoma.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na la betri, nitaliacha. La wasichana siliachi: mkiweka mashine katikati na kusema "chezeni," wavulana wawili wataikumbatia mpaka kengele. Wapangeni watatu watatu, kila mmoja na kazi yake, na kazi zizunguke kila safari mpya.

Kadi zimo kwenye bahasha, chaki ziko mezani. Sogezeni viti ukutani tuchore miraba. Walimu wakuu mtangulie kuwa roboti, na msimsaidie mtu.