Kumezwa siyo kufa

Jamani, kila nikisimama mbele za watu narudi palepale, na leo narudi tena: bakteria kumezwa na seli siyo bakteria kufa. Shuleni tulichorewa seli nyeupe inameza mdudu, mchoro ukaishia hapo, tukajua kazi imekwisha. Haijaisha!

Chukua huyu wa kifua kikuu. Anavutwa na pumzi mpaka ndani kabisa ya mapafu, anakutana na makrofeji, yaani seli nyeupe iliyo askari wa doria, anamezwa vizuri tu na kufungiwa kwenye kijifuko. Kawaida kile kijifuko kinaungana na lisosomu, kifuko kingine cha seli, humo kuna asidi na vimeng'enya, mdudu anasagwa. Sasa huyu anauzuia ule muungano, asidi haipandi inavyotakiwa, na yeye anakaa mulemule anakula mafuta ya seli iliyokuja kumuua, anagawanyika taratibu, mara moja kwa saa 20 hivi, wakati E. koli, bakteria wa utumbo, akipata chakula kizuri ni dakika 20 tu. Wengine wao wanatulia kabisa, hawagawanyiki, na dawa nyingi zinampata vizuri yule anayekua. Ndo maana dozi ya kawaida inaenda miezi 6, na ndo maana inaniuma mtu akiacha mwezi wa pili eti kikohozi kimekata, kikohozi kimekata ndiyo, waliojificha je?

Atatokea wa kusema basi apewe dawa kali zaidi. Ukali siyo hoja, inafika alipo? Jentamisini, dawa ya antibiotiki, inaua bakteria wengi wakiwa nje ya seli, ila kuingia ndani inapenya kwa shida, mpaka maabara wanautumia udhaifu huo: wanaimwagia seli zilizoambukizwa, wa nje wanakufa, halafu wanapasua seli na kuhesabu waliosalimika ndani.

Kuna bakteria wengine wanaojificha ndani ya seli: Salmonela nampita, muda unatubana, ila Listeria siwezi kumruka. Huyu anatoboa kijifuko kwa sumu yake, anaingia kwenye ute wa seli, anakusanya aktini, nyuzi za seli yenyewe, zinajijenga nyuma yake kama mkia wa kimondo na kumsukuma. Kwenye hadubini unamwona anakwenda mpaka ukingoni, anausukuma utando unachomoza kama kidole ndani ya seli jirani, jirani anakimeza kile kidole na mdudu wake. Kingamwili zinamsubiri huko nje, na yeye nje hajatoka.