Waini nyekundu na kihamba cha mababu

Itifaki imezingatiwa, jamani naanza, waliochelewa na foleni watatukuta njiani.

Leo nawaletea familia ya Antinori, ya Florence, Italia. Mwaka 1385 mmoja wao, Giovanni di Piero Antinori, alijiunga na chama cha wauza waini pale mjini na mpaka leo hawajaacha, vizazi 26. Vasco da Gama alikuwa bado zaidi ya miaka 100 ndo aione pwani yetu!

Sasa mtu akisikia hivyo anadhani wanarudia tu alichofanya babu. Wapi! Waini yao nyekundu inayosifika sana, Tignanello, ilikuja kwa kukaidi sheria. Enzi hizo ukitaka chupa iitwe Chianti Classico, jina la heshima la waini ya kwao, lazima uchanganye na zabibu nyeupe, mzee Piero Antinori akaona zinaichujisha, basi ile ya 1971 akaitoa kwenye jina hilo ikauzwa kama waini ya mezani, daraja la chini kabisa kwa karatasi, na kufikia 1975 nyeupe akazifuta zote, akabaki na zabibu nyekundu tu, aina ya Sangiovese ya kwao na Cabernet kidogo ya Ufaransa.

Na kuhusu wekundu, wengi hawajui hili, zabibu nyekundu nyingi ukizikamua juisi yake karibu haina rangi. Rangi iko kwenye ganda. Kwa hiyo juisi inachacha pamoja na maganda, nayo yanapanda juu yanajazana, kila siku unayasukuma chini au unavuta juisi ya chini unayamwagia, ukizembea yanakauka na waini inaharibika. Humo ndo unatoka ule ukakasi unaokausha ulimi, sisi tuliozoea dompo, waini yetu tamu, tunakunja uso, ila ndo unaosaidia chupa ikae miaka na miaka.

Kwa hiyo kama zabibu zinabadilishwa, mapipa yanabadilishwa, urithi ni upi? Ni ardhi. Wachagga mliomo humu mshanielewa, ni kihamba kile, shamba la ukoo, hakiuzwi. Na hata hao Antinori waliteleza, miaka ya 80 sehemu ya hisa ilienda kwa kampuni ya bia ya Uingereza, ikabidi baadaye wazinunue tena. Leo wenye usukani ni mabinti watatu wa Piero: Albiera, Allegra na Alessia. Naona mzee wangu pale anakohoa, kihamba kwa mabinti! Ndo hivyo mzee, hakuwa na mtoto wa kiume, na waini haijachacha kuwa siki.

Tuje nyumbani. Zabibu za Dodoma zililetwa na wamisionari wa Kiitalia, kule Bihawana, yaani mwalimu ni mmoja. Tena sisi tunavuna mara 2 kwa mwaka, wao mara 1. Shida inaanza siku ya kuchuma, maana zabibu haina subira, siku chache tu kwenye jua lile inaanza kuoza, na mkulima asiye na tenki la kutengenezea waini anapokea bei yoyote atakayotajiwa na mnunuzi. Mzabibu unabaki wa familia, waini inakuwa ya mtu mwingine. Mimi kiu yangu ni kuona ukoo mmoja wa Kigogo, hata mmoja, unaandika jina lake kwenye chupa, na wajukuu wanagombania nani alale kiwandani wakati wa mavuno.

Haya, maswali. Dada mwenye kitenge cha njano, anza wewe.