Keki ya harusi haijakatazwa

Kamweneni! Naona akina mama wa mbele mmejifunika vitenge hadi masikioni. Baridi ya Iringa haina huruma leo, kwa hiyo sitazunguka.

Mzee mmoja aliniambia kliniki kwamba ameacha kwenda kwenye harusi za wajukuu wake kwa sababu ya keki. "Nina kisukari, nitakaa pale nimeze mate?" Iliniuma sana. Keki haijakatazwa, ndugu zangu. Ulizeni imeliwa kiasi gani, na imekuta nini tumboni.

Hebu tazameni hapa mezani. Dada, nichotee sukari kwa kijiko cha chai, uweke kwenye glasi hii, na ninyi mhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu… tisa. Kijiko kimoja ni kama gramu 4. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama hiyo mnayoiona, na kwa kuwa ni kinywaji, inafika kwenye damu mbio. Juisi ya matunda haiko mbali na soda. Ulanzi mtogwa, yaani ule wa mianzi ambao haujachacha, nao ni mtamu kwa sababu ya sukari. Asali pia hupandisha, najua hapa wengi mtanibishia.

Sasa turudi harusini. Anza na mboga, maharage na nyama. Wali upunguze kweli kweli, maana wali nao ni wanga na wanga huwa sukari. Ndipo ule kipande cha keki cha ukubwa wa kiberiti. Nyuzinyuzi, protini na mafuta hulichelewesha tumbo, sukari ikaingia kidogo kidogo. Muziki ukipigwa, inuka ucheze! Misuli ikifanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu. Hata kutembea dakika 15 kunasaidia.

Nyumbani kwangu naponda parachichi la Njombe kwa uma, naongeza nusu ndizi, mtindi na mdalasini. Ndizi nachagua ambayo ncha zake bado ni za kijani, kwa sababu inavyozidi kuiva ndivyo wanga wake unavyogeuka sukari. Bakuli dogo linatosha.

Mwenye kipimo cha sukari apime masaa 2 baada ya kula, aandike kwenye daftari alikula nini. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari tunalenga isizidi 10 kwa kipimo cha mmol/L, ila daktari wako anaweza kukupa lengo jingine. Miili haifanani: jirani yako anaweza kula kiazi kitamu akabaki salama, wewe kikakupandisha.

Wanaochoma insulini, nisikilizeni vizuri. Ukitetemeka, ukatokwa jasho, na kipimo kikasoma chini ya 4 mmol/L, hapo sukari ndiyo dawa. Koroga vijiko 4 vya chai kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Parachichi liache kwanza, mafuta yake yatakuchelewesha. Na wa nyumbani mwako walijue hili, kwa sababu siku hiyo huenda wewe mwenyewe usiweze kushika kijiko.