"Nimeibiwa" au "Nimenyang'anywa"? Neno la Kwanza Pale Kaunta ya Polisi

MWANAISHA: Masalkheri, msikilizaji. Tuko Mji wa Kale, Mombasa, feni tumeizima isiingie kwenye maikrofoni, kwa hivyo ukisikia mtu anahema, huyo ni Ami Kombo. Shikamoo, Ami.

KOMBO: Marahaba, mwanangu. Nahema kwa ngazi zako hizi, si kwa joto.

MWANAISHA: Ami alikuwa mkalimani wa mahakama miaka mingi. Leo nataka tuzungumze makosa ya jeuri: watu kupigwa, kukatwa, kuuawa, na vile kila tendo linavyopewa jina lake kisheria. Nianze na yangu. Mwaka jana kwenye foleni ya feri, upande wa Likoni, vijana wawili walinibana. Mmoja akanisukuma nikaanguka, wa pili akaondoka na simu. Nikaenda kituoni, nikasema, "Nimeibiwa simu."

KOMBO: Na kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, pakaandikwa?

MWANAISHA: Wizi wa simu.

KOMBO: Basi ulijipunja kwa mdomo wako. Aliyeibiwa ni yule aliyelala akaamka simu haipo. Wewe ulinyang'anywa. Kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema, unyang'anyi ukiwa na moja kati ya mambo matatu unakuwa wizi wa mabavu: mnyang'anyi ana silaha ya hatari, au yuko na mwenzake, au amempiga au kumjeruhi mtu. Moja tu yatosha. Wewe walikuwa wawili, na ukaangushwa chini.

MWANAISHA: Hawakuwa na panga wala kisu.

KOMBO: Si lazima. Na adhabu ya wizi wa mabavu iliyoandikwa ni kifo. Waona umbali wake na "wizi wa simu"? Kesi mbili tofauti kabisa, na kilichozitenga ni kitenzi kimoja.

MWANAISHA: Lakini afisa si ndiye mtaalamu? Mimi nimekuja nimechafuka vumbi, natetemeka, nichague vitenzi?

KOMBO: Hapo nakubaliana nawe. Yeye ndiye wa kuuliza: walikuwa wangapi, walishika nini, walikugusa wapi. Ila kaunta ina watu kumi nyuma yako, mmoja analilia kitambulisho, mwengine mkewe amemfungia nje. Huandika ulilolisema. Kwa hivyo usimpe jina la kosa, mpe kisa. Sema, "Walikuja wawili, huyu alinisukuma hivi, nikaanguka, hapa nimechubuka." Jina atalitafuta yeye, na hata akikosea, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hulipitia faili na kulibadili shtaka. Lakini wao nao husoma yaliyomo. Wakikuta mstari mmoja, watabadili kwa kutumia nini?

MWANAISHA: Haya, tuje kwenye kupigwa. Maana sisi Mombasa kila kitu ni "amenipiga".

KOMBO: Ewaa. Chukua ugomvi mmoja pale soko la Kongowea, wachuuzi wawili wanagombea pa kutandika gunia. Akimzaba mwenzake kofi likaisha hapo, ni shambulio la kawaida, kifungu cha 250, jela hadi mwaka mmoja. Kofi lile lile likipasua mdomo, limekuwa shambulio la kudhuru mwili, cha 251, miaka mitano. Akishika kisu cha kuchambulia samaki kikaondoka na kidole, hiyo ni kumuumiza mtu vibaya, cha 234, na hapo twazungumza kifungo cha maisha.

MWANAISHA: Ugomvi mmoja, gunia moja.

KOMBO: Na hasira ile ile. Sasa nani anayeamua ni kiasi gani? Si wewe, si afisa. Ni daktari au afisa wa kliniki, kwenye fomu ya P3. Polisi hujaza sehemu yake kwanza, kisha wewe huipeleka hospitali. Mimi nimezitafsiri fomu hizo mpaka nikazihifadhi. Inauliza hali ya nguo, zimechanika, zina damu, damu mbichi au kavu. Inauliza jeraha lina muda gani: saa, siku au wiki. Inauliza silaha inayodhaniwa. Halafu kuna pale pa kiwango cha madhara, ni ya kawaida au ni mabaya. Pale ndipo kesi ilipolala.

MWANAISHA: Na watu huenda baada ya wiki, uvimbe umeshaisha.

KOMBO: Wamekandwa maji ya chumvi, wamepakwa mafuta ya nazi, shangazi kafanya kazi nzuri mno! Daktari ataandika anachokiona. Akiona kovu, ataandika kovu. Na fomu yenyewe ni ya bure.

MWANAISHA: Ami, simulia ile ya kisu.

KOMBO: Wataka kuniaibisha mbele za watu. Haya. Palikuwa na shahidi, mama wa makamo, amesimama kizimbani, asema, "Alinipiga kisu cha ubavu." Wewe na mimi twaelewa, kisu kimeingia. Mimi siku hiyo nimechoka, nikatafsiri kwa Kiingereza kama kwamba amempiga kwa kisu, vile mtu apigwavyo kwa fimbo. Wakili wa mshtakiwa akaruka: alikupiga kwa upande gani, makali au mpini? Yule mama akanitazama mimi, si wakili. Hakimu akafungua P3. Tundu jembamba, refu kwenda ndani kuliko upana wake. Hilo ni jeraha la kuchomwa. Lingekuwa refu juu ya ngozi na halikuzama, ni la kukatwa. Fomu ikaniokoa, ila uso wa yule mama sijausahau.

MWANAISHA: Na akifa?

KOMBO: Tuseme amechomwa leo, mshtakiwa akashtakiwa kwa kumuumiza vibaya, wiki tatu baadaye majeruhi akafa wodini. Shtaka hugeuka. Sheria yetu imeweka mpaka: kifo kiwe ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu lile jeraha.

MWANAISHA: Na siku moja! Hiyo siku moja yatoka wapi?

KOMBO: Kwa Waingereza wa kale huko. Wenyewe waliifuta mwaka 1996, sisi tumebaki nayo. Sasa, kuua ni kuua, lakini kisheria kuna mauaji na kuna kuua bila kukusudia. Kinachotenga ni dhamira. Na dhamira si lazima iwe "nilitaka afe." Kifungu cha 206 kinasema hata ukikusudia kumuumiza vibaya tu, akafa, hayo ni mauaji.

MWANAISHA: Huingii moyoni mwa mtu, lakini. Mpelelezi anaijuaje dhamira?

KOMBO: Kwa mwili wa marehemu. Jeraha moja la mguuni si sawa na majeraha saba ya kifuani. Atatazama silaha ilitoka wapi. Ilikuwa mezani kwenye tunda, au mtu alikwenda kwao akarudi nayo? Aliyekwenda kwao akarudi amepata muda wa kupoa. Atatazama mikono ya marehemu pia, kama ina mikato ya kujikinga. Ndiyo maana upasuaji wa maiti ni lazima.

MWANAISHA: Na hapo ndipo shida yetu sisi. Maiti haikai. Amekufa asubuhi, watu wataka azikwe kabla ya alasiri.

KOMBO: Najua, nimezika. Na sisemi watu ni wajinga; mtu hataki mwanawe apasuliwe. Masheikh wengi wanaruhusu kwa dharura, na haki ya aliyeuawa ni dharura. Kwani ukimzika bila uchunguzi, hakimu ana uwezo wa kuamuru kaburi lifukuliwe. Lipi gumu zaidi? Afadhali saa chache za kungoja mwanapatholojia kuliko kumrudia marehemu baada ya miezi miwili.

MWANAISHA: Adhabu ya mauaji bado ni kifo?

KOMBO: Imeandikwa, ila hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987. Na Desemba 2017, kwenye kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kutoa kifo kwa mauaji, asikilize utetezi wa mtu kwanza. Mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake.

MWANAISHA: Kabla hatujamaliza, maslaha. Wazee wanakaa barazani, kahawa inapita, yameisha.

KOMBO: Kwa kofi la Kongowea, sawa, mahakama yenyewe huhimiza wapatane. Lakini mtoto akinajisiwa, mzee gani ana ruhusa ya kusamehe? Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006: mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kifungo cha maisha; wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Mbuzi na magunia ya mchele hayaifuti hiyo. Nimeona kesi zikifa kwa sababu mama wa mtoto aliacha kuja. Alipoulizwa, akasema, "Tumeyamaliza nyumbani." Na mtoto alikuwa amekaa pale pale, mwisho wa benchi, anakula njugu.

MWANAISHA: Subhanallah.

KOMBO: Jambo kama hilo likitokea, asiogeshwe. Najua mkono wa mama wataka kuosha. Mpeleke hospitali vile vile alivyo, ndani ya saa 72, kwa ushahidi na kwa dawa za kuzuia HIV. Polisi baadaye. Matibabu hayangoji OB.

MWANAISHA: Na nguo alizovaa?

KOMBO: Usifue. Zianike kivulini zikauke, kila nguo peke yake, kisha uzitie kwenye karatasi. Usitie kwenye nailoni. Damu mbichi ndani ya nailoni huota ukungu, na Mkemia wa Serikali hapati kitu.

MWANAISHA: Nailoni zenyewe si zilipigwa marufuku Agosti 2017?

KOMBO: Na nyumba ipi Mombasa haina moja imekunjwa chini ya godoro? Tumia khaki ile ya muuza mahamri.

MWANAISHA: Ile ina mafuta, Ami.

KOMBO: Basi muombe isiyotiwa mahamri, mwanangu. Na umlipe.