Delhi kwa metro: kuuona mji mkongwe bila kukodi gari

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wetu hatuendi Delhi kutalii. Tunakwenda kutibiwa, kumsindikiza mgonjwa, au kusoma. Lakini kati ya vipimo na majibu kuna siku mbili tatu za kukaa tu, na anayezimaliza chumbani akitazama ukuta anarudi nyumbani bila kujua kwamba alilala hatua chache kutoka kwenye majengo ambayo watu wengine huyatamani maisha yao yote. Mhadhara huu ni kwa ajili ya siku hizo, na kwa mtu ambaye hataki kumlipa dereva wa kutwa nzima.

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba Delhi si mji mmoja. Kwa zaidi ya miaka mia saba kila mtawala mwenye nguvu alisogea kidogo akajenga mji wake kando ya ule wa mtangulizi wake. Wa zamani zaidi kati ya ile inayoonekana vizuri leo uko kusini, Mehrauli. Ule wa Shah Jahan, mfalme wa Wamughal wa karne ya 17, uko kaskazini. Wa Waingereza, uliotangazwa mwaka 1911 na kuzinduliwa 1931, umekaa katikati. Metro ya Delhi, iliyoanza kazi Desemba 2002, inapita juu na chini ya yote hiyo. Kwa hiyo usipange matembezi kwa orodha ya vivutio uliyoikuta mahali. Panga kwa njia ya reli: chagua njia moja kwa siku, ifuate kutoka mwisho mmoja kuelekea wa pili, na karne zenyewe zitajipanga mbele yako.

Njia mbili zinakutosha. Njia ya Njano inatoka kusini kwenda kaskazini kupitia stesheni za Qutab Minar, Hauz Khas, AIIMS, Jor Bagh, Central Secretariat, Rajiv Chowk, New Delhi, Chawri Bazar na Chandni Chowk. Njia ya Zambarau inatoka kusini-mashariki, inapita Jasola Apollo na JLN Stadium, kisha Central Secretariat, Delhi Gate, Jama Masjid na Lal Quila. Zinakutana Central Secretariat na tena Kashmere Gate. Angalieni majina hayo vizuri. AIIMS na Jasola Apollo ni stesheni za hospitali, na jirani zake ndiko wanakopanga wageni wengi wa matibabu kutoka kwetu. Aliyepanga karibu na Jasola Apollo anapanda treni moja tu, bila kubadilisha, akashukia Lal Quila, mbele ya Ngome Nyekundu, ngome ya Shah Jahan.

Sasa tuingie stesheni. Mlangoni kuna ukaguzi: begi linapita kwenye mashine, wewe unapita kwenye fremu na kukaguliwa mwilini, wanawake wana foleni yao. Asubuhi foleni hiyo pekee inaweza kula robo saa, kwa hiyo usibebe begi ambalo hulihitaji. Tiketi ya safari moja ni karatasi yenye alama ya kuskani. Unaionyesha mashine unapoingia na tena unapotoka, basi usiikunje wala kuitupa njiani. Anayekaa zaidi ya siku tatu anunue kadi dirishani. Kadi inapunguza nauli kwa asilimia 10, na asilimia 10 nyingine ukisafiri saa zisizo na msongamano, yaani kabla ya saa mbili asubuhi, kati ya saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, au baada ya saa tatu usiku. Lakini punguzo si faida kubwa ya kadi. Faida yake ni kwamba hupangi foleni kila safari, wala huhangaiki na mashine inayokataa kadi ya benki ya nje. Tangu Agosti 2025 nauli inaanzia rupia 11 kwa safari isiyozidi kilomita mbili na inaishia rupia 64 kwa inayozidi kilomita 32; safari kati ya kilomita 12 na 21, ambayo ndiyo mtaifanya mara nyingi, ni rupia 43.

Behewa la kwanza kwa upande treni inakoelekea ni la wanawake peke yao, na sehemu yake jukwaani ina alama za waridi. Mwanamume anayeingia humo kwa kutojua hutozwa faini. Kula ndani ya treni na kukaa sakafuni ni makosa pia. Tiketi ina kikomo cha muda, kwa hiyo usikae jukwaani saa nzima ukisubiri mwenzako. Msubiri nje ya mashine za tiketi.

Siku ya kwanza ianzieni Qutab Minar, mapema, kabla jua halijakaa utosini. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea: stesheni ina jina la mnara lakini haiko kwenye mnara. Kuna karibu kilomita mbili. Nje utazingirwa na madereva wa bajaji. Nauli rasmi ya bajaji Delhi ni rupia 30 kwa kilomita moja na nusu ya kwanza, kisha rupia 11 kwa kila kilomita, na ukiijua hesabu hiyo hata dereva asiyetaka kuwasha mita hawezi kukutajia 200 ukakubali. Zipo pia bajaji za betri za kuchangia, za bei ndogo zaidi. Uliza bei kabla ya kukaa.

Mnara wenyewe una urefu wa mita 72.5. Ulianzishwa na mtawala Qutb-ud-din Aibak mwishoni mwa karne ya 12, mrithi wake Iltutmish akauendeleza. Ndani una ngazi 379, lakini kupanda kumepigwa marufuku tangu mwaka 1981, mkanyagano ulipoua watu 45, wengi wao wanafunzi. Usimalizie macho yako juu. Angalia nguzo za msikiti ulio ubavuni mwake: zimechongwa kengele, minyororo na maua, kwa sababu zilitolewa kwenye mahekalu 27 ya Wahindu na Wajain, na maandishi ya mlangoni yanalitaja jambo hilo waziwazi. Uani pana nguzo ya chuma ya mita saba na zaidi, ina umri wa kama miaka 1,600 na haijaliwa na kutu, kwa kuwa chuma chake kina fosforasi nyingi iliyojenga utando wa kukikinga. Na kule pembeni kuna kisiki kikubwa cha mawe, mnara ambao Sultani Alauddin Khalji alitaka uzidi ule wa kwanza mara mbili. Alifariki mwaka 1316, ukabaki na mita 24 na kidogo.

Ninawaomba mkae hapo kidogo kwa sababu moja zaidi. Ibn Batuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji wa Kilwa, miaka michache baadaye alikuwa kadhi hapa Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughlaq, na aliandika habari za msikiti huu na mnara wake. Kwa hiyo mtu wa pwani anaposimama katika ua ule hayuko ugenini kabisa.

Kutoka hapo rudi kwenye Njia ya Njano. Ukitaka bwawa la kale na chuo cha Sultani Firuz Shah vya Hauz Khas, shuka Green Park au Hauz Khas kisha chukua bajaji. Usipotaka, endelea.

Siku ya pili ni ya mji wa Shah Jahan, na mji huu ndio nitakaokaa nao. Alihamisha makao makuu kutoka Agra. Msingi uliwekwa 1639, ngome ikakamilika 1648. Shukia Lal Quila. Ngome Nyekundu hufungwa Jumatatu, na siku kadhaa kabla ya tarehe 15 Agosti hufungwa pia kwa usalama, maana Waziri Mkuu huhutubia taifa kutoka juu ya ukuta wake. Usiende Jumapili nayo, kwani maduka mengi ya Chandni Chowk hufungwa, na ngome bila soko lake ni nusu ya habari. Chagua siku yoyote kuanzia Jumanne hadi Jumamosi.

Ukitoka ngomeni, barabara ya Chandni Chowk iko mbele yako moja kwa moja, kilomita moja na robo hivi mpaka msikiti wa Fatehpuri. Tangu ukarabati wa 2021 magari hayaruhusiwi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, kwa hiyo inatembeka. Katika barabara hiyo moja utapita hekalu la Wajain, gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Masingasinga, ambako kila mtu hulishwa bure bila kuulizwa dini yake, ilimradi afunike kichwa na avue viatu, na mwishoni msikiti. Nyuma ya Fatehpuri ni Khari Baoli, soko la viungo kwa jumla. Magunia ya pilipili yatakukohoza, basi beba leso. Tafuta karafuu uziangalie. India imekuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba tangu karne ya 19.

Jama Masjid, uliojengwa kati ya 1650 na 1656, una stesheni yake. Nyakati za swala watalii hutolewa nje, ila anayekwenda kuswali anaingia kama msikiti wowote. Kurudi, pandia Chawri Bazar ikiwa miguu imechoka, lakini jueni kwamba stesheni hiyo iko chini sana ardhini. Tumieni ngazi za umeme au lifti.

Kaburi la mfalme Humayun wa Wamughal, lililomalizika karibu 1572 na ambalo Taj Mahal lilifuata mfano wake, liko kama kilomita mbili kutoka JLN Stadium. Ukienda Alhamisi mchana, vuka barabara jioni uende kwenye dargah, yaani kaburi la walii Nizamuddin Auliya, usikilize kawali, nyimbo za Kisufi. Hapo valia kwa heshima na shikilia simu yako, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na watu ni wengi.

Majina ya stesheni yanadanganya, narudia. Tughlakabad ya metro iko kilomita kadhaa kutoka ngome ya Tughlaqabad. Pima umbali kwenye ramani ya simu kabla ya kushuka. Na dereva akikwambia kivutio kimefungwa leo ila anajua duka zuri, shukuru uendelee na safari yako. Lengo lake ni kamisheni ya duka.

Kuhusu viingilio: Qutub Minar, Ngome Nyekundu na Kaburi la Humayun ni rupia 600 kila kimoja kwa mgeni. Bei ya wenyeji wanapewa pia raia wa nchi jirani za Asia, sisi hatumo. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Beba noti za 10, 20 na 50, kwa sababu wauzaji wadogo hulipwa kwa simu kupitia akaunti za benki za kule, na noti yako ya 500 haitapata chenji. Programu nyingi za simu hutuma namba ya siri kwenye laini ya India, hivyo laini ya nyumbani peke yake haitoshi.

Kuna aliyeuliza kuhusu mgonjwa anayepata nafuu: anaweza kutoka? Daktari akiruhusu, ndiyo, ila si Chandni Chowk. Mpeleke bustani ya Lodhi. Kutoka AIIMS ni vituo viwili tu mpaka Jor Bagh, kila stesheni ina lifti, na lango la bustani halizidi kama kilomita moja, ambayo mtaimaliza kwa bajaji. Hakuna kiingilio. Makaburi ya masultani wa karne ya 15 na 16 yamekaa kwenye majani, njia ni tambarare, viti vipo kivulini. Nendeni baada ya saa sita mchana kati ya Novemba na Machi, kwani Mei na Juni joto linagusa nyuzi 45, na katikati ya baridi asubuhi zina ukungu na moshi mbaya kwa mapafu. Muwe mmeshapanda treni ya kurudi kabla ya saa kumi na moja, watu wa ofisini hawajajaza mabehewa, ili mgonjwa apate kiti.