Mkandarasi wa hapa na asilimia zake

Wababa na wamama, ndugu wajenzi wa Lubumbashi, mtu akiona kampuni ya kigeni inachonga barabara Ruashi, analia: "Sheria inasema kazi ni yetu!" Sheria ipi? Ile ya tarehe 8 Februari 2017 inamlinda Mkongomani katika kandarasi ndogo, yaani vipande vya kazi ambavyo kampuni binafsi, hapa kwetu hasa za madini, zinawapa wengine wazifanyie. Zabuni za serikali, kama za barabara, zina sheria yake, ya 27 Aprili 2010. Ukipeleka malalamiko kwa sheria isiyohusika, watakurudisha nyumbani.

Sasa upendeleo wenyewe. Benki ya Dunia, katika zabuni za kimataifa za ujenzi, inaruhusu nchi maskini kama yetu kuwapa wenyeji nafuu ya asilimia 7.5. Tuseme mgeni ameweka dola 1,000,000. Kwa kulinganisha tu, bei yake inahesabiwa 1,075,000. Wewe umeweka 1,060,000, basi umeshinda. Serikali inalipa 60,000 zaidi, na tusione haya kulitamka mbele ya walipakodi. Zikiwalipa waashi wa Katuba, zimefanya kazi. Zikimfikia jamaa aliyemkodisha mgeni jina lake la Kikongomani (mnawajua, wengine wamekaa humu), ni hasara tupu.

Lakini nafuu hiyo inamkuta aliyekwisha kuingia. Wengi wetu tunaishia mlangoni: onyesha kazi ya ukubwa huu uliyowahi kujenga, onyesha mapato ya miaka kadhaa, leta dhamana ya benki. Na benki nayo inataka hati ya nyumba! Mimi ningeacha kugombania asilimia, nikadai kazi igawanywe mafungu. Mifereji ya kilomita 10 katika zabuni moja, huyo ni mgeni tayari. Igawe mara tano, masharti nayo yapunguzwe kulingana na kila fungu, na kampuni ya Kampemba yenye malori mawili itathubutu.

Pa kuanzia papo. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2018, asilimia 15 ya mrabaha (malipo ambayo kampuni inailipa serikali kwa madini inayochimba) inakwenda kwa serikali za mahali madini yanapochimbwa: manispaa, sekta za vijijini na himaya za machifu. Shule na zahanati zinazojengwa na fedha hizo ndizo saizi yetu.

Kisha malipo. Simenti iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa inataka dola mkononi. Mgeni akicheleweshewa miezi sita, ana benki ya kwao. Wewe unauza lori. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, soma kwanza ukurasa wa malipo: malipo ya awali ni kiasi gani, na wakichelewa, riba inalipwa na nani?