Jinsi ya Kuvusha Mimea ya Bustani Kipindi cha Theluji

Karibuni sana. Leo tunaingiza mimea ndani kabla baridi haijaimaliza. Ni kwa ajili yenu mnaoishi kwenye nchi za theluji, ambako haibiskasi, jerenia, fuksia na dahlia zikibaki nje hazioni majira ya kuchipua.

Anza na kipimajoto, na ukisome usiku. Cha mchana kitakudanganya. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, haibiskasi iingie kwanza, maana haina subira hata kidogo. Jerenia na fuksia zitangoja kiasi, mradi sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, isizikute. Dahlia ndiyo yenye mambo yake: iache nje mpaka sakitu ya kwanza iyaunguze majani yawe meusi, ndipo uichimbe.

Chungu kisivuke mlango kabla ya kukaguliwa. Hatua hii wengi huiruka, halafu katikati ya baridi wanashangaa vidukari vimejaa nyumba nzima. Huko nje wadudu hawa huliwa na wenzao na kuoshwa na mvua. Ndani kuna joto na hakuna wa kuwala. Geuza jani hivi, tazama upande wa chini. Unauona huu utando mwembamba, hapa jani linapoungana na kikonyo? Na juu yake vidoadoa vya manjano? Huo ni utitiri. Hivi vyeupe vya ungaunga kwenye maungio ya tawi ni vidung'ata. Pigisha maji ya bomba, kisha nyunyiza sabuni ya kuulia wadudu wa mimea, hasa chini ya majani. Rudia baada ya wiki, kwa sababu sabuni haiyawezi mayai. Chungu hicho ukitenge na mimea mingine ya ndani kwa wiki mbili hivi.

Punguza matawi kama theluthi moja, kisha amua: mmea huu unaukesha, uendelee kukua, au unaulaza, upumzike hadi baridi iishe?

Wa kukesha, kama haibiskasi, unataka dirisha lenye mwanga mwingi kuliko yote. Ukiwa kaskazini mwa ikweta, ni dirisha la kusini. Usiuweke juu ya hita. Majani yatageuka manjano na kupukutika; usishtuke, na tafadhali usikimbilie maji. Mwanga umepungua, kwa hiyo mmea unapunguza majani. Kwa maoni yangu, ndani ya nyumba maji ya huruma huua mimea mingi kuliko baridi. Zamisha kidole kwenye udongo: ukiwa na unyevu, achana nao. Mbolea isubiri.

Jerenia na fuksia zinaweza kulala. Zipeleke penye ubaridi wa nyuzi 5 hadi 10, kwenye stoo au gereji isiyoganda, hata kama ni giza. Maji ni kidogo tu, mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo. Fuksia usiiache ikauke kabisa.

Sasa dahlia. Kata shina ubakize sentimita 10 hadi 15. Anza kuchimba mbali na shina, uzungushe, kisha nyanyua kutoka chini. Usivute! Ona kiazi hiki: macho yanayochipua yako huku juu, kwenye taji, shingo inapoungana na shina. Kikivunjika shingo, hata kiwe kinene namna gani, hakitaota. Kung'uta udongo, kausha siku chache mahali pasipo jua, panga kwenye boksi lenye vumbi la mbao lenye unyevu wa mbali, uhifadhi kwenye nyuzi 4 hadi 10. Kila mwezi fungua uangalie. Kilichooza kitoe, kilichokunjamana kinyunyizie maji.

Sakitu zikiisha, iliyokesha na iliyolala kwenye vyungu usiitoe juani siku hiyohiyo, majani yataungua. Anza kivulini kwa saa chache, irudishe ndani usiku, uongeze muda kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Dahlia irudi ardhini udongo ukishapata joto.